Shangazi Apigiwa Mluzi

Shimesikio langu, yaani mashine ya kunisaidia kusikia, ni la kukaa nyuma ya sikio, rangi ya chai ya maziwa iliyopoa. Harusi ya binamu yangu kule Tanga ilipokaribia, nikasema safari hii halijifichi, linapambwa.

Kazi yenyewe ni ndogo. Unauchomoa mrija wa plastiki kwenye kile kingoe kinachopinda juu ya sikio, unapitisha shanga, unaurudisha, ukihakikisha kiziba, kile kipande cha mwisho wa mrija kinachoingia sikioni, kimeelekea sikioni na si kisogoni. Mrija una unene wa kama milimita 3, basi tundu la ushanga liwe 4. Zangu za Kariakoo zilikuwa na tundu la 3 kasoro, nikazisukuma kwa mate. Ushanga unaobana huuminya mrija. Siku nzima watu wakawa wanaongea nami kutoka ndani ya mtungi. Nikazikata, nikatafuta nyingine.

Ningeishia hapo. Lakini nikaongeza kicheni cha dhahabu ya kuchovya, kutoka kwenye kingoe hadi kwenye hereni ya kubana, na vikengele vitatu. Kamba ya usalama, ile inayoshika mashine na kubanwa nyuma ya nguo, niliiacha nyumbani kwa kuwa haing'ai.

Maikrofoni ziko mgongoni mwa mashine, vitundu viwili kama vya sindano, na vikengele vilining'inia nusu sentimita kutoka hapo. Dua ikasomwa. Kila nikiinamisha kichwa kusema amina, nasikia mkokoteni wa punda ukipita katikati ya ukumbi.

Kisha Shangazi akanikumbatia. Kicheni kikanasa kwenye lesi ya gauni lake, hereni ikaachia, naye akaenda zake na shimesikio langu likining'inia nyuma ya bega.

Mashine iliyowashwa ikitoka sikioni, sauti ya kwenye kiziba hurudi kwenye maikrofoni, hukuzwa, hutoka, hurudi tena, mpaka inakuwa mluzi. Ukiifunika ndiyo inazidi. Shangazi alivaa mtandio.

Akapita mbele ya wazee wa kiume. Fyuuu! Akasimama. Akageuka, akawatazama mmoja mmoja. "Nani huyo?" Kimya. Akajitanda mtandio vizuri, kwa heshima zake, mluzi ukawa mrefu maradufu. Mama mmoja akakimbilia jikoni kuzima birika. Shangazi akatengeneza kilemba, akapita mbele ya wazee wale mara ya pili, polepole.

Mimi sikusikia hata kidogo. Sauti nyembamba za namna ile ndizo hasa masikio yangu yalizozisahau. Nilikuwa chini, napapasa mkeka, kila ninayemuuliza ananijibu upande ule ambao sina mashine.

Mtoto mmoja ndiye aliyeona. "Bibi, una mdudu wa dhahabu mgongoni, analia!" Nikamfikia, nikafungua kijumba cha betri kwa ukucha, mluzi ukakatika. Lesi tuliitoa kwa pini, tundu kwa tundu, robo saa nzima.

Shangazi akaitazama mashine, akawatazama wazee, akanitazama mimi.

"Kumbe ni wewe," akasema, akajikalia kitini kama mtu aliyefiwa.