Ngome katika Heroes III: nchi hushikwa na ukuta au na shujaa?

Katika Heroes of Might and Magic III, mchezo wa mikakati uliotoka mwaka 1999, mchezaji aliyepoteza mji wake wa mwisho hupewa siku saba za ndani ya mchezo za kuteka mwingine, na zikipita mikono mitupu huondolewa mchezoni hata kama angali na shujaa, yaani kamanda, mwenye jeshi lisiloshindika. Aliyebakiwa na mji mmoja bila shujaa yeyote, kwa upande wake, bado anahesabiwa kuwa mtawala. Wanaoamini kwamba utawala wote hutoka ngomeni huitegemea sana kanuni hii. Hoja yao ni nzito, lakini kwa maoni yangu inaeleza nusu tu ya mambo.

Kwanza tuitendee haki. Ngome hujengwa kwa hatua tatu zinazogharimu jumla ya dhahabu 12,500, mbao 30 na mawe 35, na kwa kuwa mji hujenga jengo moja tu kwa siku, mji ulioanza bila ukuta hutumia siku tatu nzima kwa kazi hiyo. Bila hatua ya kwanza huwezi kujenga makazi ya askari. Ya pili huleta handaki na mnara wa mishale, na huongeza kwa nusu idadi ya askari wanaopatikana kila wiki. Ya tatu huongeza minara miwili na kuifanya idadi hiyo kuwa maradufu, kiasi kwamba malaika, ambao kwa kawaida hupatikana mmoja kwa wiki, huwa wawili. Hapa kalenda ina uzito wake: askari wapya hutokea siku ya kwanza ya wiki, hivyo ngome iliyokamilika siku ya saba hulipa kesho yake, ilhali iliyochelewa kwa siku moja husubiri wiki nzima. Zaidi ya hayo, jengo la juu kabisa la utawala, linaloingiza dhahabu 4,000 kwa siku badala ya zile 500 za mwanzo, haliwezi kusimama pasipo ngome kamili. Kwa hiyo nguvu ya ngome imo zaidi katika hazina na kambi kuliko katika mawe ya ukuta wake.

Nje ya ukuta huo, hata hivyo, mamlaka yake hukatika ghafla. Mgodi wa dhahabu huzalisha 1,000 kwa siku kwa yule ambaye bendera yake inapepea hapo, na shujaa wa adui mwenye askari mmoja tu anaweza kuupitia na kuibadilisha bendera hiyo, huku minara ya ngome iliyo jirani ikibaki kimya, kwa sababu hurusha mishale wakati wa kuzingirwa tu. Hata mjini kwenyewe ukuta haujitoshelezi: ngome kamili isiyo na askari ndani hutwaliwa na mpelelezi dhaifu bila vita yoyote. Mtekaji hurithi pia wale askari waliorundikana makazini bila kununuliwa, akawalipia na kuwaongoza dhidi ya bwana wao wa jana.

Huo ndio upungufu mkubwa wa mchezo huu kama taswira ya siasa: wakazi hawana utii wowote. Mchezo mwingine wa mikakati, Total War: Warhammer wa mwaka 2016, ulilitazama jambo hilo kwa makini zaidi, kwani jimbo lisiloridhika huzusha uasi hata likiwa na kikosi cha ulinzi. Historia nayo inakubaliana nalo. Mfalme Edward I wa Uingereza, baada ya vita vya 1282 na 1283, alijenga ngome za Conwy, Caernarfon na Harlech ili kuidhibiti Wales, na katika mbili za kwanza akaambatanisha miji ya walowezi yenye kuta. Lakini waasi waliiteka Caernarfon mwaka 1294, na Harlech ilikuwa mikononi mwa Owain Glyndŵr, kiongozi wa uasi wa Wales, kuanzia 1404 hadi 1409.

Je, mchezaji aanze na ngome au na jeshi? Kwenye ramani ndogo, ambako adui aweza kufika wiki ya pili, kumaliza hatua zote tatu mapema ni kumjengea yeye. Napendelea askari kwanza. Kwenye ramani kubwa, kutoikamilisha kabla ya siku ya saba ni hasara itakayojirudia kila wiki. Mizani hubadilika kabisa shujaa anapopata uchawi wa kumrudisha mjini papo hapo. Aliyebobea katika elimu ya uchawi wa ardhi huchagua mji autakao, ilimradi bado ana nguvu za uchawi na mwendo wa kutosha, na hapo jeshi moja huweza kulinda ngome nne zilizotawanyika. Kwa hiyo anayepanga uvamizi afadhali achunguze kwanza kama mpinzani ana uchawi huo, kisha ndipo ahesabu minara.