Mabaki haya si takataka

Mwandishi wa makala "Virusi vya mababu vinatuua" ameeleza vizuri kwamba takriban asilimia 8 ya DNA yetu ni mabaki ya retrovirusi (virusi vinavyopachika jeni zao ndani ya DNA ya seli) vilivyoingia kwenye seli za uzazi za mababu zetu mamilioni ya miaka iliyopita. Ila anapoyaita mabaki hayo "takataka", hapo sikubaliani naye kabisa.

Tazama kondo la nyuma. Tabaka lake linalokutana na damu ya mama ni seli zilizoungana zikawa kitu kimoja, na moja ya protini zinazoziunganisha, sinsitini, iliyoelezwa mwaka 2000, inatokana na jeni ya kirusi! Kirusi kilitumia protini ya namna hiyo kujibandika kwenye seli na kupenya ndani. Sisi tunaitumia kumlisha mtoto tumboni. Panya nao wana sinsitini zao, walizozipata kutoka kwa virusi vingine. Yaani jambo hili limetokea zaidi ya mara moja, kila ukoo kivyake. Kila nikilifikiria nastaajabu upya.

Kuhusu magonjwa, tuwe waangalifu. Dalili za jeni hizi za virusi kuamka zimeonekana katika baadhi ya saratani, na kwa wagonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia ala za neva zao, yaani utando unaozifunika. Lakini kukutwa kwenye tukio si kuwa mhalifu: huenda ugonjwa wenyewe ndio unaoziamsha. Kichwa cha makala hiyo kinawatisha wagonjwa bure. Karibu virusi hivi vyote vimeshaharibiwa na mabadiliko ya jeni, haviwezi tena kuambukiza mtu.