Wakongwe wa Kiwandani na Hesabu ya Ukuaji Katika Biashara ya Mbao Ngumu Marekani

Washauri wa biashara wakiingia kwenye kampuni ya familia huwa na hesabu moja wanayoipenda. Wanajumlisha mishahara ya watu waliokaa kazini miaka 20 na kuendelea, wanailinganisha na mshahara wa kijana anayeanza, kisha wanauliza kwa nini pengo lile lisinunue mashine. Kwenye viwanda vya kupasua mbao ngumu vya Marekani, hasa ukanda wa milima ya Appalachia kuanzia Pennsylvania hadi Tennessee, swali hilo huibuka kila mzee mwenye kampuni anapokaribia kuwaachia wanawe. Viwanda vingi huko ni mali ya familia, na si ajabu kumkuta baba kwenye msumeno na mwanawe kwenye tanuri la kukaushia. Kampuni inataka kukua, wazee wapo. Nani ampishe mwenzake?

Jibu la haraka ni kwamba wazee ndio breki. Nadhani waliolitoa wameangalia mahali pasipofaa, lakini wana hoja yao, tuanze nayo.

Biashara yenyewe imesinyaa. Uzalishaji wa mbao ngumu Marekani ulifika kilele mwaka 1999, zaidi ya futi za ubao bilioni 12 (futi moja ya ubao ni kipande cha futi moja kwa futi moja, unene inchi moja). Miaka 10 baadaye ulikuwa umeshuka hadi karibu nusu. Viwanda vya samani vya North Carolina na Virginia, wateja wakubwa wa siku zote, vilizidiwa na samani za China, na mporomoko wa soko la nyumba wa 2008 ukamalizia kazi. Mwenye matanuri ya kutosha, aina nyingi za mbao ghalani na uwezo wa kujaza makontena kwa wakati alikuwa na pa kushika. Kiwanda kidogo kinachouza mbao mbichi kwa jirani hakina usemi juu ya bei. Anayesema kampuni lazima ikue ameona hayo, na hawezi kuitwa mroho kwa kuyasema.

Tena kampuni za familia zina maradhi yake. Mpwa anapewa umeneja kwa sababu ni mpwa. Msimamizi anayejua kila kitu ndiye asiyeambiwa kitu. Macho ya mtu wa miaka 62 saa 9 alasiri si yale ya saa 2 asubuhi, wakati kamera haichoki wala haistaafu. Upande wa mbao laini, za misonobari na jamii yake, kompyuta zimeshika kazi nyingi ya kuamua mahali pa kukata, na upande wa mbao ngumu zinakuja, polepole.

Nayakubali yote hayo. Ila hesabu ile inauona mshahara wa mkongwe na haiuoni ubao ulio mkononi mwake.

Mbao ngumu Marekani hupangwa madaraja kwa kanuni za National Hardwood Lumber Association, chama kilichoundwa mwaka 1898. Kanuni hazitazami uzuri wa ubao mzima. Zinatazama ni eneo kiasi gani safi, lisilo na kasoro, linaloweza kukatwa humo. Daraja la juu, FAS, linadai 83⅓% ya uso, No. 1 Common linadai 66⅔%. Kwenye karatasi tofauti haifiki hata moja ya tano.

Sasa chukua ubao wa mwaloni mwekundu wenye upana wa inchi 8 na urefu wa futi 10. Kipimo chake cha uso, yaani upana mara urefu ukagawa kwa 12, ni 6.67, na kanuni zinakipandisha hadi 7. FAS itadai vizio 70 vya eneo safi, kila kizio inchi moja kwa futi moja, na kwa ubao wa ukubwa huu vitoke kwenye kipande kimoja. No. 1 Common itadai 56 na itakubali vipande viwili. Fundo (alama ngumu ya tawi) la katikati ya upana likikaa ndani ya futi ya mwisho, linaacha futi 9 safi, na 9 mara 8 ni 72. Ubao ni FAS. Fundo hilohilo likianzia futi 7 kutoka mwisho wa pili wa ubao, kipande kikubwa kinachobaki ni 56 tu. FAS imekwenda, umebaki na No. 1 Common.

Mkaguzi mpya anayezijua kanuni ataishia hapo, na hajakosea. Mkongwe atajiuliza jambo la pili: nikikata futi 2 za mwisho je? Ubao utabaki futi 8, urefu mdogo kabisa ambao FAS inaukubali. Kipimo cha uso kitashuka hadi 5, na FAS sasa itadai 50. Zile 56 zinatosha na kubaki, na fundo sasa limeangukia ndani ya futi ya mwisho. Kwa hiyo ana njia mbili: auze futi 7 za ubao (kwa unene wa inchi moja, kipimo cha uso ndicho idadi ya futi za ubao) kwa bei ya No. 1 Common, au futi 5 kwa bei ya FAS. Saba kwa tano ni 1.4. Bei ya FAS ikizidi mara 1.4 ya bei ya No. 1 Common, kata. Isipozidi, acha ubao ulivyo. Pengo hilo la bei halitulii, na mcheri una lake, mwaloni una lake, jozi nyeusi ina lake. Yote haya mtu anayaamua akiwa amesimama kando ya mnyororo unaopitisha mbao, ubao unageuzwa mbele yake, sekunde chache, halafu unakuja mwingine. Kosa la ubao mmoja ni fedha ndogo. Lizidishe kwa mbao za zamu nzima, kisha kwa zamu za mwaka, utaona kwamba mshahara unaolalamikiwa hulipwa na kona hii moja ya kiwanda.

Mtu atasema mashine itaifanya hesabu ya 1.4 kabla mzee hajapepesa jicho. Ni kweli. Kazi ngumu iko kabla ya hesabu. Doa hili jeusi ni rangi ya madini tu, au ni mwanzo wa ufa? Ganda lililofunikwa na mti limeingia kina gani? Ubao ukipigwa randa, alama itatoka au itazidi? Kamera zinazidi kuwa hodari, sina ubishi, lakini mtu anayezisahihisha zinapodanganyika ni yuleyule ambaye hesabu ya mishahara ilimpendekeza aondoke. Mnunuzi wa mninga wa Keko, Dar es Salaam, anaelewa hili bila kanuni zozote: hanunui kwa maelezo ya simu mpaka ajue ni nani aliyezitazama hizo mbao.

Kwenye kukausha mambo ni makali zaidi. Mwaloni mweupe wa unene wa inchi 2 haupaswi kupoteza zaidi ya takriban 1% ya unyevu kwa siku mwanzoni. Mwekundu wa inchi 1 unavumilia hadi 3.8%. Ukiuharakisha unapasuka kwa ndani, uso ukiwa bado laini, na hakuna anayejua mpaka mteja aukate au aupige randa kiwandani kwake. Kampuni inayokua huwa na makontena yanayosubiri, na presha ya kufungua tanuri siku mbili mapema ni ya kweli. Anayeweza kumwambia meneja wa mauzo "bado" na akasikilizwa ni mtu ambaye meneja huyo alimkuta kazini.

Kuna ukuaji wa aina ya kununua kampuni nyingine, ambao washauri huupenda zaidi kwa sababu ni wa haraka. Mwaka 2011 kampuni kubwa ya misitu na mbao ya Weyerhaeuser iliuza kitengo chake cha mbao ngumu kwa kampuni ya uwekezaji ya American Industrial Partners. Kitengo hicho, Northwest Hardwoods, baadaye kikainunua Industrial Timber & Lumber ya Ohio na kuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa wa mbao ngumu nchini humo. Novemba 2020 kikaomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai, kisha kikatoka kikiwa kimepunguziwa madeni. Haki itendeke: ushuru ulitangulia. China ilikuwa ikinunua zaidi ya nusu ya mbao ngumu ambazo Marekani iliuza nje mwaka 2017, na vita vya ushuru kati ya nchi hizo mbili vilivyoanza 2018 viliukata mto huo kwenye chanzo. Viwanda vya familia navyo vilifungwa, bila hata kuandikwa gazetini. Tofauti ni kwamba kiwanda kisicho na deni kubwa kinaweza kupunguza zamu, kikapasua kidogo, watu wakabaki. Riba haipunguzi zamu.

Mfano unaoniuma zaidi unatoka upande wa mbao laini, msitu wa miti mirefu ya redwood, kaskazini mwa California. Pacific Lumber, yenye mji wake wa Scotia, iliongozwa kwa vizazi na familia ya Murphy, ikakata miti kwa kuchagua na kwa kasi ndogo kuliko wengine. Lakini hisa zake zilikuwa zimeshaingia sokoni, na mwishoni mwa 1985 mwekezaji Charles Hurwitz na kampuni yake ya Maxxam wakaitwaa kwa fedha za hati fungani zenye riba kubwa. Ukataji ukaongezwa takriban maradufu ili kulipa deni. Mfuko wa pensheni, uliokuwa na ziada ya zaidi ya dola milioni 50, ukavunjwa. Ziada ikachukuliwa, na wazee wakahamishiwa kwenye mikataba ya kampuni ya bima ya Executive Life, ambayo mwaka 1991 ilishikwa na wasimamizi wa bima wa California ikiwa taabani. Pacific Lumber yenyewe ilifilisika mwaka 2007.

Walio upande wangu huwa wanasimulia kisa hicho na kuruka sehemu moja. Miaka ya kwanza baada ya Hurwitz, wafanyakazi wengi walifurahi. Ajira ziliongezeka, saa za ziada zililipwa, na watu walisimama na kampuni dhidi ya wanamazingira. Ukuaji ule ulionekana kama ukuaji kwa macho ya waliokuwa ndani yake. Na familia haikuwa tena na umiliki wa kutosha kuizuia kampuni isiuzwe, kwa hiyo wema wake wote haukuwa na kufuli.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaoipamba kampuni ya familia. Utumishi wa miaka 30 wakati mwingine ni mapenzi, na wakati mwingine ni mji wenye mwajiri mmoja. Mzee mwema akifa, mkataba usioandikwa huzikwa naye. Sheria ya Marekani ya mwaka 1974 kuhusu mafao ya wafanyakazi inatoa nafasi ya kuwapa wafanyakazi hisa kupitia mfuko maalumu, na kampuni inayowaita watu wake "familia" ingeweza kuanzia hapo badala ya kuishia kwenye keki na saa ya ukutani. Huko Scotia wafanyakazi walijaribu kuinunua kampuni kwa njia hiyo miaka ya mwisho ya 1980. Hawakufanikiwa, walichelewa.

Kwa hiyo sipingi kukua. Ninachouliza ni kasi, na kasi hiyo ina kipimo chake. Shule ya wakaguzi ya Memphis, Tennessee, inayoendeshwa na chama kilekile cha kanuni za madaraja tangu 1948, humpa kijana kanuni. Akirudi kiwandani anahitaji kusimama kando ya mkongwe kwa misimu, aone mwaloni wa bondeni na wa mlimani, wa masika na wa baridi. Wakati huo mkongwe atapanga mbao chache kwa siku kwa sababu anasimama kueleza, na mhasibu ataona uzalishaji umeshuka. Kampuni ikinunua kiwanda cha pili kabla kijana hajaiva, itabidi mkongwe mmoja agawanywe kwa viwanda viwili, siku tatu huku na siku mbili kule. Hapo madaraja huanza kuyumba, na mteja aliyekuwa akinunua bila kuuliza ataanza kutuma mtu wake aje akague upya kila furushi.