Claire, Si Ungenyamaza Tu!

Jamani, kuna watu wanajitafutia. Rimoti nilishapokonywa zamani, taarifa ya habari naisikilizia kwa jirani, na jioni natazamishwa tamthilia ya Outlander. Umeme nanunua mimi, lakini nikifungua mdomo naambiwa, "Baba watoto, hebu tuache tuone." Haya, leo nasema yote.

Huyu Claire ni nesi wa Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1945 yuko Inverness, Scotland, anapumzika na mumewe. Kugusa jiwe tu, huyo katokea 1743. Sawa, ajali haina kinga. Lakini mumewe ni mwanahistoria! Mwanamke kalala kitanda kimoja na historia, hakuokota hata mambo mawili ya kumfaa safarini?

Tatizo lake kwanza ni kiherehere. Mtoto wa watu kala majani ya sumu akidhani ni kitunguu saumu cha porini, Padri Bain yuko pale anakemea pepo. Claire huyo kaingia, kabishana na padri mbele za watu, halafu kamnywesha mtoto belladonna, ambayo nayo ni sumu! Mtoto akapona. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawa wenyeji walipona, wakaenda kutafuta kuni. Na padri umemwaibisha kwa waumini wake, unadhani atasahau?

Kisha hilo shoga lake. Kijiji kizima cha Cranesmuir kimejaa wanawake, yeye kamwona Geillis Duncan, anayecheza msituni usiku wa manane. Mume wa Geillis anaanguka karamuni, Claire ananusa, harufu ya lozi chungu: sumu ya sianidi. Dada yangu, hapo mwenye akili anakumbuka kuwa kaacha nguo kwenye kamba! Tena Jamie, mumewe wa huko, alishamwambia akae mbali na yule mwanamke. Ujumbe ukaja eti Geillis anamwita, mbio kaenda. Kumbe kautuma Laoghaire, binti anayemmezea mate Jamie, na ambaye Claire alikuwa kamzaba kofi. Claire na Geillis wakakamatwa wote wawili, eti wachawi.

Na jina lenyewe halikumshtua? Geillis Duncan wa kweli alikuwa mtumishi wa ndani kule Tranent, anaponya wagonjwa. Mwaka 1590 bosi wake akamtesa mpaka akataja wenzake, ndipo zikaanza kesi za uchawi za North Berwick. Mimi nimeyajua hayo nikiwa Tanzania, mke wa mwanahistoria hana habari.

Lakini kinachonikera hasa ni sheria. Scotland mtu wa mwisho kuuawa kwa uchawi ni Janet Horne, alichomwa Dornoch mwaka 1727. Sheria ya 1735 ikafuta mambo hayo. Kuanzia hapo kosa likawa kujidai mchawi, na kifungo chake hakizidi mwaka mmoja. Kwa hiyo ile kesi ya 1743 haikuwa na miguu! Na Claire asiseme hakusikia. Mwaka 1944, enzi zake mwenyewe, Helen Duncan aliyedai kuongea na wafu alihukumiwa kifungo cha miezi tisa kwa sheria hiyo hiyo. Nilipolieleza hili sebuleni, shemeji yangu akaongeza sauti ya runinga.

Wakili wao, mzee Ned Gowan, kahangaika weee, mwisho kampa njia: mkane Geillis, upone. Hataki! Wakati wa kunyamaza anasema, wakati wa kusema ananyamaza. Ikabidi Geillis mwenyewe achane nguo, aonyeshe kovu begani na kudai ni alama ya shetani. Claire akaganda. Lilikuwa kovu la chanjo ya ndui, chanjo ambayo Jenner aliianza 1796. Kumbe mwenzake naye katoka mbele, 1968. Hapo nilipapasa bega langu. Sisi wa chanjo ya kifua kikuu, likitua Cranesmuir basi moja tu la Mwanza, Scotland inabaki jangwa.

Jamie kaja na upanga, kamtoa. Huko porini ndipo bibie anafunguka: mimi natoka miaka mia mbili ijayo, nilipita kwenye jiwe. Na Jamie anamwamini! Hapo hapo, bila shahidi. Mimi juzi nimesema foleni Ubungo, nikaulizwa nilikuwa na nani.