Watu wa Scarborough walitaka sabwei, na sababu walikuwa nazo

Ukisikia watu wa mambo ya usafiri wa miji wakiizungumzia Toronto, Kanada, hadithi ni ileile: kulikuwa na mpango mzuri wa treni nyepesi, ndogo na za bei nafuu zinazopita juu ya ardhi, akaja meya Rob Ford na wimbo wake wa "sabwei, sabwei, sabwei", yaani treni ya chini ya ardhi, watu wa Scarborough, upande wa mashariki wa jiji, wakadanganyika, mabilioni yakapotea. Wananchi kwenye hadithi hiyo wanatajwa kama watu wasiojua kuhesabu. Mimi hapo ndipo naposhindwa kukubali, kwa sababu wale watu walikuwa na kumbukumbu ya miaka karibu 30 ya kupanda treni ambayo nayo waliambiwa inawatosha.

Kwa asiyeifuatilia, iko hivi. Mwaka 2007 meya David Miller alitangaza Transit City, laini saba za treni nyepesi, kama kilomita 120, zipite maeneo ya pembeni ambayo sabwei haijawahi kufika. Ford akaingia ofisini Desemba 2010 na moja kwa moja akasema mpango umekufa. Mwaka 2012 madiwani wakamgeuka wakarudisha sehemu kubwa, alafu Oktoba 2013 wakageuka tena, kura 24 kwa 20, wakaamua Scarborough ijengewe sabwei ya vituo vitatu badala ya treni nyepesi ya vituo saba ambayo serikali ya jimbo la Ontario ilishakubali kuilipia.

Waliopinga wana hoja nzito na sizikatai. Sabwei inaweza kubeba watu kama 30,000 kwa saa kwa upande mmoja, na makadirio ya mwaka 2016 yalionyesha asubuhi pale pamejaa kabisa wangepanda kama 7,300, namba ambayo treni nyepesi inaibeba bila shida. Gharama nazo zikapaa: mwaka 2016 mpango ulishapunguzwa hadi kituo kimoja tu na bado bei ikapita dola bilioni 3 za Kanada, 2019 serikali ya jimbo ya Doug Ford, kaka yake Rob, ikarudisha vituo vitatu kwa makadirio ya bilioni 5.5. Na kuna uongo ulisemwa, lazima niseme. Wanasiasa wa sabwei walikuwa wanawatisha watu kwamba treni nyepesi itakula barabara na kukaa kwenye foleni na magari, wakati ile ya Scarborough ilikuwa na njia yake peke yake, haikutani na taa hata moja.

Sasa tuje kwa abiria. Mwaka 1985 Scarborough ilifunguliwa laini yake, Scarborough RT, kilomita 6.4 na vituo sita. Mwanzoni ilipangwa iwe ya tramu, lakini serikali ya jimbo ilikuwa na kampuni yake iliyotengeneza treni ya aina mpya, vibehewa vidogo vya mota ya sumaku, na ikataka ionyeshe dunia kwamba inafanya kazi, kwa hiyo Scarborough ndiyo ikawa sehemu ya majaribio. Theluji na barafu zikawa zinaisumbua kila msimu wa baridi, wakati mwingine inasimamishwa kabisa watu wanapangwa kwenye mabasi. Na haikuongezwa hata kituo kimoja maisha yake yote.

Alafu kuna stesheni ya Kennedy, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu naamini ndipo siasa yote ilipozaliwa. Sabwei inaishia Kennedy chini kabisa. Treni ya Scarborough ilikuwa inaanzia Kennedy juu kabisa. Katikati kuna mabasi. Yaani mtu ametoka mjini amesimama safari nzima, anashuka, anapanda ngazi baada ya ngazi na umati mzima, mwenye mtoto kwenye kigari anatafuta lifti, mzee anashika ukuta, wakifika juu kwenye baridi treni ndogo imeshajaa au ndiyo hiyo inafunga milango, wakipanda wanashuka vituo vichache mbele kwenda kutafuta basi, usafiri wao wa tatu. Asubuhi hivyohivyo kwa kurudi nyuma. Kila siku ya kazi, miaka na miaka. Aliyewahi kuunganisha magari matatu kufika kazini hahitaji kuelezwa, dakika kwenye karatasi zinaonekana tano, ila ukichelewa moja umechelewa zote na bosi hasikilizi.

Mtu wa namna hiyo ukimwambia "tunakuletea treni nyepesi", anasikia nini? Anasikia Kennedy tena. Wapangaji jibu walikuwa nalo, mpango wao ulikuwa kuishusha treni mpya karibu na sabwei ili kuunganisha kuwe rahisi, lakini kwenye kampeni hoja hiyo haikupewa uzito, waliongea gharama kwa kilomita na msongamano wa watu kwa eka, mambo ya kweli kabisa ila hayamjibu yule wa kwenye ngazi. Ford alimjibu kwa neno moja. Alimwambia utapanda mara moja na hutashuka Kennedy.

Watu wanasema ilikuwa ishu ya heshima tu, watu wa pembeni wanataka walichonacho wa mjini. Hata kama ingekuwa hivyo, kwani heshima si kitu? Scarborough iliunganishwa na jiji la Toronto mwaka 1998, ina watu zaidi ya 600,000, zaidi ya nusu wamezaliwa nje ya Kanada, na kodi ya majengo iliyoongezwa asilimia 1.6 kwa awamu kuanzia 2014 kwa ajili ya sabwei hiyo na wao waliilipa.

Mfano wa Vancouver, jiji la magharibi mwa Kanada, unanisumbua sana. Teknolojia ni ileile ya treni ndogo, imefunguliwa mwaka uleule 1985, lakini kule waliijenga ipite hadi katikati ya mji, wakaiongeza tena na tena, leo ndiyo uti wa mgongo wa jiji lao na hakuna anayeidharau. Kwa hiyo nakubaliana na wataalam kwamba treni kuwa ndogo siyo tatizo. Tatizo ni kumpa mtu kitu alafu ukakitelekeza, na mara ya pili ukashangaa kwanini hakuamini.

Na Toronto yenyewe haijasaidia kujenga imani hiyo. Laini ya treni nyepesi ya Eglinton walianza kuijenga 2011, ilitakiwa ifunguliwe 2020, mwaka huo ukapita na mingine ikafuata. Nyingine, ya Finch West, ilipofunguliwa Desemba 2025 malalamiko ya mwendo yalianza wiki hiyohiyo, treni mpya kabisa inasimama kwenye taa nyekundu kusubiri magari yakate kona. Taa kuipa treni kipaumbele ni uamuzi tu wa jiji, hauhitaji handaki, na usipofanyika unampa kila mpenzi wa sabwei ushahidi wa bure.

Anayelipa ni nani? Tarehe 24 Julai 2023 behewa la mwisho la Scarborough RT liliacha reli, watu watano wakaumia, na laini haikufunguliwa tena. Sabwei ndiyo kwanza inachimbwa, ujenzi ulianza 2021 na haitarajiwi kabla ya mwisho wa muongo huu. Katikati hapo ni mabasi. Hili wapenzi wa sabwei nao walibebe, kwa sababu kila walipobadilisha mpango, vituo saba, vitatu, kimoja, vitatu tena, miaka ilikuwa inakatwa kwa abiria yuleyule waliyesema wanampigania.

Jiji limeamua njia ya zamani ya reli igeuzwe barabara ya mabasi peke yake hadi sabwei ifike. Mimi ningependa barabara hiyo na ngazi za Kennedy ndivyo viwe kipimo cha kwanza wakati huu, madiwani waseme hadharani basi litachukua dakika ngapi na mtu atashuka wapi aunganishe wapi, kabla hawajaanza tena kubishana treni ipi ni ya kisasa.