Hisa Ile Ile kwa Bei Mbili

Barazani kwetu Kibokoni, Mombasa, baada ya isha, kijana mmoja alinisogezea simu yake. Kwenye kioo kulikuwa na mstari wa kijani unaopanda toka kona hii hadi ile: bei ya hisa ya Nvidia, kampuni ya Marekani ya vifaa vya akili mnemba. Hununua vipande vya hisa za Marekani kila anapopata kitu mfukoni. "Ami," akaniambia, "mambo yenu ya kununua thamani yalikuwa ya viwanda vya saruji. Teknolojia haipimwi hivyo." Wenzake wakacheka. Muuza kahawa akagonganisha vikombe vyake, nami nikainama kwenye kahawa yangu.

Kununua thamani, njia ninayoifuata, ni kutafuta hisa inayouzwa kwa bei iliyo chini ya thamani ya kampuni yenyewe. Kijana ana hoja, na si ndogo. Benjamin Graham, aliyefundisha watu kupima hisa kwa mali iliyo nyuma yake, aliishi zama za reli na viwanda. Mali ilionekana: mtambo, ghala, shehena. Kampuni ya programu mali yake kubwa haimo vitabuni. Mishahara ya wahandisi huandikwa kama gharama ya mwaka, hata kama walichokitengeneza kitaingiza pesa miaka 20. Ukiipima M-Pesa kwa thamani ya vyuma na majengo yake, utaiona ghali kila siku, tangu 2007 ilipoanza hadi leo. Hata Warren Buffett, mwekezaji tajiri wa Marekani na mwanafunzi wa Graham, alikaa mbali na kampuni hizi miaka na miaka, na mwaka 2017 akakiri mbele ya wenye hisa wake kwamba kuikosa Google lilikuwa kosa. Waliosubiri "irudi chini" waliachwa gatini.

Lakini Buffett huyo huyo alianza kununua Apple mwaka 2016, na hakuwa amebadili dini. Aliona kampuni yenye wateja wasiohama, inayoingiza pesa nyingi taslimu, na bei yake haikuwa ya kutisha ukiilinganisha na faida. Hapo ndipo watu wanapotuelewa vibaya. Shangazi yangu akikataa nguru wa Marikiti kwa bei ya kusi, wakati mashua hazitoki, hakuna anayesema shangazi hapendi samaki. Amekataa bei.

Tuje nyumbani. Agosti 2021 hisa moja ya Safaricom, kampuni ya simu yenye M-Pesa, ilikaribia shilingi 45. Mapema 2024 hisa hiyo hiyo ilikuwa ikiuzwa kwa kama shilingi 13. Minara ilikuwa ile ile, mama ntilie wa Likoni bado alipokea malipo kwa M-Pesa, na kampuni bado ilipata faida ya mabilioni kwa makumi. Kwa mwaka wa fedha ulioishia Machi 2021 gawio, yaani sehemu ya faida wanayogawiwa wenye hisa, lilikuwa shilingi 1.37 kwa hisa. Kwa ule wa 2024 lilikuwa 1.20. Limepungua, naam, ila angalia mnunuzi alipata nini. Aliyenunua kwa 45, kila shilingi 100 aliyoweka ilimletea kama shilingi tatu kwa mwaka. Aliyenunua kwa 13 alipata tisa na kidogo. Kata asilimia 5 ya kodi kwa wote wawili, tofauti inabaki pale pale. Nimeipiga hesabu hii mara nyingi, nyingine nyuma ya risiti ya duka, na kila mara inanishangaza kwamba foleni ndefu ilikuwa kwenye 45.

Kijana atasema bei haikushuka bure. Kweli. Safaricom ilikuwa ikimwaga pesa Ethiopia, ilikofungua mtandao Oktoba 2022, na wawekezaji wa nje walikuwa wakiondoka kwenye soko la hisa la Nairobi. Tena mwanzoni mwa 2024 hati za serikali za mwaka mmoja, ambazo ni kuikopesha serikali kwa riba, zilikuwa zikilipa zaidi ya asilimia 16, kwa hiyo tisa ile haikuwa karamu. (Wengi wetu barazani hatuzigusi hati hizo kwa sababu ya riba, lakini soko halifungi kwa ajili yetu.) Kilichoshuka na kitu kizuri kilichoshuka ni mambo mawili, na kuyatenganisha ndiyo kazi yenyewe.

Saruji aliyoicheka nayo ina lake la kusema. Kiwanda cha Bamburi kipo pale pale njia ya Malindi. Julai 2024 soko liliipa hisa yake shilingi 45. Amsons ya Tanzania wakaja kutaka kuinunua kwa 65. Aliyetazama mali badala ya mstari wa kijani hakushtuka.

Kinachonitia wasiwasi kuhusu simu ya yule kijana ni Cisco. Mwaka 2000 ndiyo iliyouza mitambo ya kuunganishia intaneti, kama Nvidia leo inavyouza vifaa vya akili mnemba. Machi mwaka huo hisa yake ilifika kama dola 80, na kwa muda ikawa kampuni yenye thamani kubwa kuliko zote duniani. Waliosema intaneti itageuza dunia walisema kweli. Mauzo ya Cisco yalikuwa chini ya dola bilioni 20. Baadaye yakapita bilioni 50. Na bado aliyenunua kwa 80 alingoja zaidi ya miaka 25 kuiona bei hiyo tena. Alikuwa sahihi kuhusu kampuni, sahihi kuhusu teknolojia, na nywele zake zikageuka mvi akisubiri. Nvidia ina faida kubwa na halisi kuliko Cisco ya wakati ule, hilo sharti nilitaje. Basi swali langu kwa kijana lilikuwa moja tu: hisa yako hii inapata faida kiasi gani kwa mwaka? Akatelezesha kidole juu, akatelezesha chini. Bei aliiona papo hapo. Faida hakujua iko ukurasa gani.

Mimi nami sina usafi wa kujivunia. Mwaka 2008, zilipouzwa kwa umma mara ya kwanza, niliomba hisa 10,000 za Safaricom kwa shilingi tano kila moja. Walioomba walikuwa wengi mno, nikapata elfu mbili na kidogo. Ninazo hadi leo. Ilipofika karibu na 45 nilikuwa na karibu shilingi 90,000 mkononi, na hesabu ile ile ninayomfundisha kijana niliijua. Sikuuza. Nilijiambia kampuni nzuri namna hii haiuzwi.