Makadamia, gubinge na mgawo wa Waaborijini

Mkulima wa Murang'a au Embu anayevuna makadamia anavuna mti wa Australia. Waaborijini, wenyeji asilia wa Australia, wa majimbo ya Queensland na New South Wales walizila kokwa hizo tangu enzi na enzi. Karne ya 19 mbegu zilifika Hawaii, zikageuzwa huko kuwa zao kubwa la biashara. Waaborijini wenyewe hawakuulizwa wala kupewa chochote.

Watetezi wa kampuni zinazotengeneza vyakula na dawa kwa mimea kama hii wana hoja zao. Mmea haukuumbwa na mtu, wanasema, na tunda linaloliwa hadharani si siri. Kutoka jani la kuchemsha hadi dawa ya hospitali kuna vipimo vya gharama kubwa, na bila hataza, yaani haki ya kipekee ya uvumbuzi, hakuna atakayevilipia. Tena Australia ilikuwa na lugha za wenyeji zaidi ya 250. Mmea mmoja hujulikana na jamii nyingi. Alipwe nani?

Swali ni la kweli, ila limetumika mno kuwa kisingizio cha kutomlipa yeyote. Makadirio yanayotajwa mara nyingi huweka sehemu ya Waaborijini katika biashara ya vyakula vya porini vya Australia chini ya asilimia 2. Siwezi kuipita namba hiyo haraka. Katika kila dola 100, zaidi ya 98 zinakwenda kwa watu ambao mababu zao hawakujua kama matunda hayo yanalika. Gubinge, tunda lenye vitamini C inayolipita chungwa mara nyingi, bado huchumwa kwa mkono porini, hasa katika ardhi ya Waaborijini kaskazini. Wanaojua msimu wake na miti yake ni wao. Hapo huwezi kudai mwenyewe hajulikani.

Na anapotakiwa mwenye kulipwa, serikali hujulikana upesi. Kichaka kiitwacho smokebush cha Australia Magharibi, ambacho Waaborijini walikitumia kama dawa, kilitoa kemikali iliyozuia virusi vya Ukimwi maabarani. Miaka ya 1990 leseni ilitolewa kwa kampuni, serikali ya jimbo ikapata fedha, Waaborijini wakaachwa nje.

Mei 2024 huko Geneva ulipitishwa mkataba unaomtaka mwombaji wa hataza ataje chanzo cha maarifa ya jadi aliyoyategemea. Ni hatua ninayoiunga mkono kwa moyo wote, lakini kutaja si kulipa. Mgawo wenyewe umeachiwa sheria za kila nchi.